Fukusi wa gugu maji: jinsi ya kumfuatilia toka yai mpaka mdudu mzima, na namna ya kumfuga

Fukusi wa gugu maji ni mdudu mdogo aliyeletwa ziwani ale gugu maji, ule mmea unaoelea unaofunika maji, ili lipungue. Watu wengi wakitaka kujua kama gugu maji la kwao lina fukusi wanafanya kitu kimoja tu, wanasimama ufukweni saa sita mchana wanaangalia majani, wakiona hamna mdudu wanasema aah hawa wadudu walishakufa zamani ulikuwa mradi tu. Kumtafuta fukusi mchana juu ya jani ni sawa na kumtafuta popo angani jua la utosi. Wapo, ila wamelala huko ndani. Na hata ukiwaona, hao wakubwa sio wanaomaliza mmea, wao wanaukwaruza tu, anayeua ni funza, yaani mtoto wake, na funza yuko ndani ya kikonyo, lile bua la jani, ambako macho hayafiki mpaka upasue. Kwa hiyo ukitaka kufanya lolote na huyu mdudu, iwe kumfuga, kumhamisha au tu kuamua kama mng'oe magugu au myaache, lazima kwanza ujue kwa wakati huo yuko hatua gani na hiyo hatua inakaa sehemu gani ya mmea.

Kwanza tujue tunamuongelea nani. Wako wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wote asili yao Amerika Kusini huko huko gugu maji lilikotoka. Gugu lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, maji ya mto Kagera yakawa yanalishusha kila siku, halikuwa na adui yeyote huku kwetu na likishiba linajiongeza mara mbili ndani ya wiki moja mbili. Uganda walianza kuwaachia fukusi ziwa Kyoga 1993 halafu Victoria 1995, Kenya na Tanzania wakafuata muda mfupi baadaye. Mwaka 1998 hali ilikuwa mbaya kweli kweli, ghuba ya Winam upande wa Kisumu mitumbwi ilikuwa haitoki, ila kufika 2000 sehemu kubwa ya yale magugu ilikuwa imeshazama. Kuna wanaosema ni fukusi, kuna wanaosema ni mawimbi na mvua za El Niño za 1997/98. Mimi naona vyote vilisaidiana, manake mmea ambao umeshatobolewa tobolewa ukipigwa na wimbi haurudi juu.

Kuwatofautisha sio kazi ukiwa na lenzi ya kukuzia. Wote ni wadogo, milimita nne mpaka tano hivi, wana ule mdomo mrefu uliojikunja wa kifukusi. Eichhorniae ni wa kijivu kahawia mwenye mabaka mabaka, bruchi ni wa rangi ya udongo na mara nyingi ana mstari mweupe mweupe wa umbo la V mgongoni. Mgongo ukiwa na tope hutaona kitu, mdondoshe kwenye maji safi kidogo umpanguse ndo uangalie.

Hatua zenyewe

Yai. Jike anatoboa kidogo ngozi ya kikonyo anaweka yai humo ndani, sio juu ya jani kama wadudu wengi. Ni jeupe, laini, halifiki milimita moja. Eichhorniae anapenda kuweka moja moja kwenye majani machanga ya katikati, bruchi anaweza kurundika kadhaa kwenye tundu moja na anapendelea vikonyo vilivyovimba vya majani ya umri mkubwa kidogo. Kwa joto la ziwani linaanguliwa ndani ya siku saba mpaka kumi. Kulitafuta yai kwa macho matupu ni kujitesa, labda kama unafundisha darasa. Mimi nikishaona makovu mapya ya kung'atwa kwenye majani na fukusi wapo naamini tu kwamba mayai yapo.

Funza. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo. Akitoka kwenye yai ana urefu wa milimita mbili hivi, mweupe, hana miguu kabisa, kichwa cha rangi ya machungwa au kahawia. Anaanza kutoboa humo humo kwenye kikonyo akielekea chini, anakula anaacha mfereji mweusi mweusi nyuma yake, anajivua ngozi, anakua, mpaka anafika kwenye ule moyo wa mmea pale majani yote yanapokutana. Akifika hapo anakula kichipukizi kinachotoa majani mapya. Ukiona gugu ambalo majani ya nje ni mazima ila lile la katikati limekauka au linang'oka kwa kuvutwa kidogo tu, huyo ni funza, usitafute mchawi. Mfereji ukishafunguka maji yanaingia, vijidudu vya kuozesha navyo vinaingia, kikonyo ambacho kilikuwa ndio boya la mmea kinajaa maji, na mmea unaanza kushuka taratibu. Kabla mmea haujazama funza wamefikia kama milimita nane tisa, wanene, wanaonekana vizuri bila lenzi.

Muda wa ufunza ndo unaotofautisha hizi aina mbili. Bruchi anamaliza kama mwezi mmoja na kidogo, eichhorniae anaweza kukaa humo miezi miwili na nusu mpaka mitatu. Kwa hiyo mtu akikuambia ameachia fukusi mwezi uliopita na haoni kitu, mwambie atulie, hata kizazi cha kwanza bado hakijatoka.

Pupa, yaani funza aliyejifungia kwenye kifuko ageuke mdudu mzima. Hii ndo hatua inayosahaulika na ndo inayoharibiwa na watu bila kujua. Funza akishiba anatoka kwenye moyo wa mmea anashuka kwenye mizizi, chini ya maji, anakata vile vijinyweleo vya mizizi anavitumia kujisokotea kifuko cha mviringo, kama milimita tano, kimegandia kwenye mzizi mkubwa ulio hai. Ule mzizi lazima uwe hai, manake hewa anaipata kupitia humo. Mzizi ukifa naye amekufa. Anakaa humo wiki tatu nne hivi halafu anatoka mdudu mzima anapanda juu.

Hii ndo sababu mimi sina wasiwasi na lile swali la kila mara la kwamba fukusi watalimaliza gugu wahamie mahindini. Huyu mdudu anahitaji kikonyo cha kutoboa juu na mizizi inayoelea chini, vyote kwenye mmea mmoja, shambani atavipata wapi? Kabla ya kuletwa walijaribiwa kwenye mimea mingi sana nchi mbalimbali. Akiwa na njaa kali anaweza kung'ata jani lingine, ila kuzaa na kumaliza mzunguko huko hawezi.

Mdudu mzima. Anakula usiku, anaacha makovu ya mraba mraba ya milimita mbili mpaka tano juu ya jani, ngozi ya juu imekwanguliwa ila jani halijatobolewa mpaka upande wa pili. Mchana anajibana kwenye jani changa la katikati ambalo halijafunguka au kwenye maungio ya majani chini. Anaishi miezi kadhaa na jike anataga mamia ya mayai, mengi yake mwanzoni mwa utu uzima. Anaweza kuruka ila mara nyingi haruki, anasafiri na gugu lenyewe upepo unapolisukuma.

Ukijumlisha yote, toka yai mpaka mdudu mzima bruchi anatumia miezi miwili na kidogo, eichhorniae karibu minne. Na kwa vile joto la ziwa halibadiliki sana mwaka mzima, vizazi vinaingiliana, kwa hiyo ukienda siku yoyote utakuta hatua zote kwa pamoja. Sio kama nchi za baridi ambako wadudu wanapumzika wakati wa baridi.

Kukagua gugu la kwenu

Nenda asubuhi. Usiende peke yako, usiingie majini miguu mitupu, humo kuna kichocho, kuna nyoka wanaolala juu ya magugu na sehemu nyingine kuna kiboko au mamba, hili sio jambo la kutania. Tumia mtumbwi au vuta magugu kwa fimbo ndefu yenye ndoano.

Chukua mimea kadhaa sehemu tofauti, usichukue ya pembeni tu, ya pembeni kwenye maji wazi huwa michanga na haina wadudu wengi halafu utaondoka na jibu la uongo. Kwa kila mmea fanya hivi. Hesabu makovu kwenye jani la pili toka katikati lililofunguka vizuri, jani hilo hilo kila mmea, la sivyo huwezi kulinganisha. Makovu mapya ni ya kijani kibichi au meupe, ya zamani ni ya kahawia makavu. Kama unaona michirizi myembamba iliyonyooka kwenye jani badala ya vipande vya mraba basi hiyo inaweza kuwa kazi ya utitiri wa gugu maji, kijidudu kingine kabisa, usiuhesabu kama fukusi.

Halafu fungua majani moja moja toka nje kwenda ndani mpaka umalize, polepole, fukusi akiguswa anajifanya kafa anadondoka kwa hiyo weka beseni jeupe chini. Kisha pasua vikonyo kwa urefu kwa wembe toka juu mpaka kwenye moyo, hesabu funza, andika wadogo na wakubwa tofauti. Mwisho osha mizizi ndani ya beseni la maji usiitikise kwa nguvu, pitisha vidole taratibu kwenye mizizi mikubwa utasikia vifuko kama punje ngumu. Kifungue kimoja viwili uone kama ndani mna kitu, vingine ni vitupu mwenyewe alishatoka.

Sasa kusoma majibu. Makovu mengi mapya ila funza hamna, hao wageni wamefika juzi au wametoka mahali pengine. Makovu, funza na vifuko vyote vipo, hapo wamejenga makazi, waache wafanye kazi. Makovu ya zamani tu na hamna kingine, kuna kilichotokea, ama watu walipulizia dawa ama magugu yaling'olewa ama upepo umeleta magugu mengine. Na angalia mmea wenyewe pia, kama kila miezi mitatu unaona mimea inakuwa mifupi, maua yanapungua, vitoto vya pembeni vinapungua, hiyo ni dalili nzuri kuliko idadi yoyote ya wadudu.

Kuwafuga

Nianze na hili kabla hujakimbilia beseni: usimhamishe fukusi wala gugu toka ziwa moja kwenda bwawa jingine kichwa kichwa. Nenda kwanza BMU, kile kikundi cha kusimamia ufukwe, ya mwalo wenu pale mitumbwi inapotia nanga, afisa uvuvi na watu wa kilimo wajue unafanya nini. Kosa baya kuliko yote ni kubeba magugu yenye fukusi ukayatupa kwenye bwawa ambalo halikuwa na gugu, hapo hujaleta dawa umeleta ugonjwa. Mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka mingi sana, inaweza kufika ishirini. Kwa hiyo tunafugia pale pale ambapo gugu lipo na tunaachia pale pale.

Vifaa ni vya kawaida tu. Mabeseni makubwa au tenki lililokatwa, maji ya kutosha mizizi kuelea bila kugusa chini, chandarua cha kufunika, na mahali penye jua la kutosha ila pasipochemka. Weka magugu yenye afya, machanga, vikonyo vimevimba, na kabla ya kuweka yakague kama ulivyokagua juu uyaoshe, unataka yawe hayana wageni usiowajua. Samadi kidogo kwenye maji inasaidia sana, watu wanashangaa kwa nini nalisha adui, lakini fukusi aliyekula mmea dhaifu anazaa kidogo, hasa bruchi huyu anapenda mmea uliotajirika. Ukizidisha samadi maji yananuka na mizizi inaoza na vifuko vinakufa, kwa hiyo kiasi.

Weka fukusi wakubwa wachache, wanne watano kwa mmea mmoja mkubwa, wakae kama wiki moja watage, halafu wahamishie kwenye mimea mipya. Hii hatua ya kuwahamisha wengi wanairuka. Ukiwaacha hapo hapo wanaendelea kutaga, funza wanakuwa wengi, wanaumaliza mmea kabla hawajakua, mmea unazama na wenyewe ndani. Ile mimea yenye mayai iandike tarehe kwenye beseni, iache, ongeza maji yanapopungua, na kama mmea umedhoofika sana weka mmea mzima pembeni yake, wakubwa wakianza kutoka wakute chakula. Kuanzia mwezi wa tatu anza kuangalia jioni kama wakubwa wapya wanatoka. Maji yaliyosimama yanaleta mbu kwa hiyo chandarua kibane vizuri na viluwiluwi vya mbu uvichote kila unapopita.

Kukusanya wakubwa kuna njia mbili. Ya kwanza kufungua majani kwa mkono mmoja mmoja, inachosha ila haina gharama. Ya pili ambayo naipenda zaidi, lundika magugu kwenye pipa, weka wavu wa matundu juu yake, gandamiza na mawe mpaka yote yazame. Fukusi hawapendi kukaa chini muda mrefu, wataanza kupanda juu kupitia yale matundu unawaokota tu wakiwa wanaelea au wameshika wavu. Inachukua muda, usiwe na haraka. Ukishawapata waangalie, kama wengi ni wazito kutembea na wanakufa kufa bila sababu usiwaachie wala usiwazalishe, kuna ugonjwa wa ndani unaowapata hawa fukusi unapunguza nguvu na uzazi, anza upya na kundi jingine na yale mabeseni uyasugue.

Kuwasafirisha: chombo chenye matundu madogo, vipande vya jani bichi, hamna maji ya kutuama ndani, kaa nao kivulini. Ukiwafungia kwenye chupa juani nusu saa umewapika.

Kuwaachia

Chagua sehemu iliyojikinga na upepo, kwenye kona ya ghuba au nyuma ya mafunjo, ambako magugu hayahami hami. Ukiwaachia kwenye kipande kinachoelea kesho kinaweza kuwa upande wa pili wa ziwa na hutajua kama walifanya kazi. Waachie jioni, mamia kadhaa sehemu moja ni bora kuliko kumi kumi kila mahali, wakitawanyika sana hata kukutana kuzaa ni shida. Njia nyingine nzuri ni kuchukua mimea ya kwenye beseni yenye funza na vifuko ukaichomeka katikati ya magugu ya pale pale, kwa hiyo unakuwa umeachia hatua zote kwa mpigo na hata wakubwa wakiliwa kuna wengine nyuma wanakuja.

Baada ya hapo wekeni alama na mkubaliane na wenzenu wa mwaloni kwamba kipande hicho hakiguswi. Hapa ndo mambo mengi yanapoharibikia, vijana wanakuja na mradi wa kung'oa magugu wanabeba hiki kipande cha kwanza manake ndo kimelegea, wanaanika juani, na funza wote na vifuko vyote wanakauka humo. Kung'oa sio vibaya, ng'oeni kwenye njia ya mitumbwi, kwenye mwalo, kwenye bomba la maji, ila hiki kipande kiacheni kiwe kitalu. Dawa za kuua magugu ndo kabisa, mmea unazama haraka, mkubwa labda ataruka lakini funza na pupa hawana pa kwenda.

Matokeo usiyategemee mwezi ujao. Kwa kawaida ni miaka mitatu mpaka mitano ndo eneo linaonekana limepungua kweli, na penye maji machafu yanayoshuka toka mjini na mashambani inachelewa zaidi sababu gugu linakua haraka kuliko fukusi wanavyozaliana. Na likipungua usidhani limeisha. Winam lilirudi tena kwa nguvu 2006 na 2007, mvua zikashusha mbolea na udongo, mbegu zikaota, na fukusi waliokuwa wamebaki walikuwa wachache mno kulifukuzia. Ndo maana mimi nasema hata magugu yakizama yote, bakisha mabeseni mawili matatu yanayoendelea kuzalisha, kila aina na beseni lake, na zamu ya kuyaangalia igawiwe kwa watu wanaoishi karibu na mwalo, sio kwa mtu wa kuja mara moja kwa mwezi.